Dini na Dunia Darasa Moja: Aga Khan Academy ya Mombasa

Wakati wa ukoloni, mzazi Mwislamu wa Pwani ya Kenya alimpeleka mwanawe chuo cha Kurani akahitimu. Shule nyingi zilikuwa mikononi mwa wamisheni, na waliohofia imani ya watoto wao hawakuwapeleka. Waislamu wakaachwa nyuma kielimu. Pengo hilo ndilo lililozaa MIOME, taasisi ya elimu ya Waislamu iliyopokea wanafunzi wa kwanza Mombasa mwaka 1951, leo Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Miongoni mwa waasisi wake alikuwa Aga Khan wa Tatu, kiongozi wa Waismailia, ambaye tangu 1905 alikuwa amekwisha kufungua skuli Zanzibar.

Mjukuu wake, Aga Khan wa Nne, alitaka makubwa zaidi: mtandao wa shule ziitwazo Aga Khan Academy. Mwaka 2003 Academy ya kwanza ilifunguliwa Kizingo, Mombasa, ikifuata mtaala wa kimataifa wa IB (International Baccalaureate) ulioasisiwa Geneva mwaka 1968. Hyderabad ilifuata 2011, Maputo 2013, Dhaka 2022.

Mtaala wa IB pekee haukuwa jambo geni. Shule nyingi za kimataifa zinao. Ugeni ulikuwa katika mambo matano yaliyosukwa ndani yake: maadili, kuishi na walio tofauti nasi, tamaduni, hasa za Waislamu, utawala na asasi za kiraia, na uchumi wa maendeleo. Hayakutengewa kipindi chake. Yanapita ndani ya masomo mengine. Naamini huo ulikuwa uamuzi bora kuliko yote. Mtoto wa Kikristo au wa Kihindu hukutana humo na ustaarabu wa Kiislamu kama sehemu ya historia ya wanadamu wote, na Mwislamu haambiwi auache nje ya mlango wa darasa ndipo awe raia wa dunia. Mwaka 2008, akihutubia wana-IB mjini Atlanta, Aga Khan alizungumzia pengo la kufahamiana kati ya Magharibi na ulimwengu wa Kiislamu.

Ada ya Academy ni nzito kwa familia nyingi za mitaa ya Mombasa kama Likoni na Kisauni. Ndiyo maana nauthamini zaidi mpango wa kuwatafuta watoto wenye vipaji katika shule za serikali za Pwani na kuwasomesha kwa ufadhili: bila huo, maadili yangebaki ya wenye nacho.

Aga Khan wa Nne alifariki Lisbon tarehe 4 Februari 2025. Kati ya shule 18 alizokusudia, nne zilikuwa wazi. Zilizobaki zinamngoja mwanawe Rahim, Imamu wa 50 wa Waismailia.