Picha ya Wingu Lililo Kati ya Nyota

Wengi wetu twazijua zile nyota tatu zilizojipanga mstari mmoja, ambazo mwezi wa Januari huonekana juu sana mapema usiku. Karibu nazo zipo nyota nyingine ndogo, na kati ya hizo pana kitu kama ukungu. Wataalamu hukiita nebula, yaani wingu. Ni gesi na vumbi, kubwa ajabu, ling'aalo kwa nguvu za nyota zilizomo ndani yake.

Mholanzi Christiaan Huygens alilichora wingu hilo, na mchoro wake ukapigwa chapa mwaka wa 1659. Baada yake walichora wengi, wala michoro yao haikupatana. Sir John Herschel alilichora kwao Uingereza, kisha akaja Afrika ya Kusini, akakaa karibu na Cape Town tangu 1834 hata 1838, akalichora tena. Na michoro yake mwenyewe ikatofautiana! Je, wingu limegeuka, au ni mkono wa mchoraji? Sisi tufundishao shule hatushangai: watoto arobaini wakichora chungu kimoja, hutokea vyungu arobaini.

Tarehe 30 Septemba 1880 Henry Draper, daktari wa Marekani, alilipiga picha wingu hilo kwa dakika 51. Ilikuwa picha ya kwanza ya nebula, lakini ilionyesha sehemu za katikati tu zenye mwanga mwingi. Akafa mwaka wa 1882.

Ndipo alipotokea Andrew Common, injinia wa mambo ya usafi wa miji. Kazi yake haikuwa nyota. Lakini katika bustani ya nyumba yake huko Ealing, magharibi ya London, alikuwa na darubini yenye kioo cha upana wa futi 3. Shida ilikuwa hii: dunia yazunguka, na nyota hazingoji. Basi mtambo wa saa uliigeuza darubini polepole kuzifuata. Jicho haliwezi kuweka akiba ya mwanga, bali bamba la picha huukusanya, kama mtungi uliotegwa chini ya mchirizi wa paa.

Januari 1883 alilitega bamba dakika 37. Lilipooshwa, zilionekana nyota ambazo hakuna jicho lililopata kuziona kwa darubini yo yote. Mwaka wa 1884 wanajimu wa Uingereza wakampa nishani ya dhahabu. Na tangu hapo aliyetaka kujua kama wingu limegeuka aliweza kulinganisha picha kwa picha.