Uendeshaji wa baiskeli kwenye barafu

Uendeshaji wa baiskeli kwenye barafu ni shughuli ya kila siku katika miji mingi ya Ufini, Uswidi, Norwei na Kanada. Mji unaotajwa zaidi ni Oulu, Ufini, wenye wakazi zaidi ya 200,000, ambako mwaka 2013 lilifanyika kongamano la kwanza la kimataifa kuhusu baiskeli wakati wa baridi. Watoto wa huko huenda shule kwa baiskeli hata baridi ikifika nyuzi 20 chini ya sifuri.

Mgeni hudhani baridi kali ndiyo hatari kubwa. Sivyo. Barafu huteleza zaidi joto linapokaribia nyuzi 0 za selsiasi, kwa kuwa juu yake hutanda maji membamba. Baridi ikizidi, uso hukauka na tairi hushika vizuri. Siku ya kuogopwa ni ile ambayo theluji iliyeyuka mchana ikaganda usiku. Barafu ya namna hiyo ni angavu, huwezi kuitofautisha na lami iliyolowa, na huwahi kutokea juu ya madaraja, ambako baridi hupiga juu na chini.

Kinga ya kwanza ni matairi ya njumu. Kila njumu ni pini fupi yenye ncha ya kabidi ya tangsteni inayouma barafu. Matairi mapya huendeshwa kwanza taratibu kwenye lami, kwa takriban kilomita 40, ili njumu zikae imara. Mwenye uwezo wa kununua moja tu alifunge mbele. Gurudumu la nyuma likiteleza, mwendeshaji hupata nafasi ya kujiweka sawa. La mbele likiteleza, yuko chini kabla hajatoa mguu kwenye pedali. Ndiyo maana breki ya nyuma hutangulia, tena kwa kubanwa polepole, na mwendo hupunguzwa kabla ya kona, si ndani yake. Kona hukatwa kwa upana, baiskeli ikiwa wima. Penye mifereji ya magurudumu iliyoganda, kupinda usukani ghafla ni kujiangusha.

Baiskeli nayo hupata shida zake. Ikitoka ndani kwenye joto, theluji huyeyuka inapoigusa, kisha maji huganda kwenye cheni na waya za breki. Grisi nzito ikigandamana ndani ya friwili, pedali huzunguka bure bila kusukuma gurudumu. Breki za ndani ya kitovu hufaa kuliko zile za kubana rimu, maana rimu yenye barafu haikamatiki upesi. Taa ni lazima: mwezi Desemba, jua la Oulu hukaa angani kwa saa chache tu.

Hata hivyo, ustadi huo wote hautoshi mahali ambapo njia imetelekezwa. Oulu hushindilia theluji ikawa sakafu ngumu, huichora michirizi na kumwaga changarawe. Linköping, Uswidi, hufagia njia kwa brashi za mashine na kunyunyiza maji ya chumvi mpaka lami ionekane. Chumvi hula cheni, na baridi ikiwa kali nguvu yake hupungua sana. Kwa miji ya kaskazini kabisa, theluji iliyoshindiliwa ndiyo chaguo bora.