Mashine ya CNC ya kuchonga chuma

Mashine ya CNC ya kuchonga chuma ni mtambo unaokata metali kwa kufuata maagizo ya kompyuta badala ya mkono wa fundi. Kisu huzungushwa na spindeli, na mwendo hufanyika katika mihimili mitatu: X, Y na Z. Maagizo huandikwa kwa msimbo wa G. G01, kwa mfano, huamuru kisu kwenda kwa mstari ulionyooka kikikata. G02 hukizungusha katika tao kwa kufuata mwendo wa saa. Mashine yenye ghala la visu hubadilisha kisu yenyewe, hivyo huweza kuchonga, kutoboa na kukata hesi bila kipande kufunguliwa mezani.

Historia

Wazo la kuongoza mashine kwa namba lilitokana na Mmarekani John T. Parsons, na mashine ya kwanza ya aina hiyo ilionyeshwa katika chuo cha MIT mwaka 1952. Ilisoma maagizo kutoka utepe wa karatasi uliotobolewa. Kwa miaka mingi mitambo hiyo ilikuwa ya viwanda vikubwa tu, hasa vya ndege. Mwaka 1988 kampuni ya Haas ya California ilileta VF-1 kwa bei ya chini kidogo ya dola 50,000, na karakana ndogo za Marekani zikaanza kuimudu.

Chapa na vidhibiti

Jina lililoandikwa ubavuni mwa mashine si lazima liwe jina la kompyuta inayoiongoza. Watengenezaji wengi wa Taiwan, Korea Kusini na China huunda chuma cha mashine, kisha hufunga kidhibiti cha Fanuc ya Japani au Siemens ya Ujerumani. Fundi aliyezoea Fanuc huweza kuhamia chapa nyingine yenye kidhibiti hicho bila taabu kubwa. Haas na Okuma hutumia vidhibiti vyao wenyewe. Mazak ilileta Mazatrol mwaka 1981, ambayo humwuliza fundi maswali ya umbo na vipimo badala ya kumtaka aandike msimbo mstari kwa mstari.

Mashine za Japani na Ujerumani, kama Okuma, Makino na DMG Mori, husifiwa kwa uimara na kushika kipimo kwa miaka mingi, lakini bei yake ni kubwa. Haas ni nyepesi zaidi, ila miongozo yake hupatikana kwa urahisi kwenye intaneti. Za China ni nafuu kuliko zote, na ubora wake hutofautiana sana kati ya kiwanda na kiwanda.

Katika karakana ndogo: mfano wa Songea

Songea, makao makuu ya Mkoa wa Ruvuma, iko zaidi ya kilomita 900 kwa barabara kutoka Dar es Salaam. Umbali huo hubadilisha hesabu yote. Mashine bora ambayo kipuri chake kinapaswa kuagizwa ng'ambo, na fundi wake kusafirishwa, yaweza kusimama kwa wiki kadhaa ikisubiri kadi moja ya umeme.

Umeme nao ni suala la kwanza. Mji uliunganishwa na gridi ya taifa mwaka 2018 kwa njia ya kilovolti 220 kutoka Makambako; kabla ya hapo ulitegemea sana jenereta za dizeli. Umeme wa fezi tatu nchini Tanzania ni volti 400, ilhali mashine nyingi za Japani zimeundwa kwa volti 200 hivi. Bila transfoma ifaayo zitaungua.

Mnunuzi wa mashine iliyotumika hana budi kuangalia betri. Katika vidhibiti vingi vya zamani vya Fanuc, vigezo vya mashine hutunzwa na betri ndogo. Ikiisha wakati mashine imezimwa, vigezo hufutika. Nakala yake hutakiwa mkononi kabla ya malipo. Aidha, baadhi ya mashine za Japani zina kifaa kinachotambua kwamba zimehamishwa, na hujifunga mpaka mtengenezaji azifungue. Ni mtego ambao wauzaji wa mitumba hawautaji mara kwa mara.

Swali jingine ni kazi yenyewe. Karakana inayotengeneza shafti ya mashine ya kusaga mahindi, bushi ya lori la makaa ya mawe au gia ya mashine ya kukoboa kahawa kutoka Mbinga hupokea kipande kimoja kimoja, kila kimoja cha aina yake. Kwa kazi hiyo kerezo la kawaida lenye fundi hodari huwa la haraka zaidi, kwa kuwa kuandaa programu huchukua muda kuliko kukata. CNC huanza kulipa pale vipande vilevile vinapohitajika kwa makumi au mamia, kama puli zinazouzwa dukani. Ndiyo maana oda za kudumu hutafutwa kabla ya kulinganisha chapa.