Timazi ya Amosi katika Nchi ya Masinde

Wabukusu walikuwa na waonaji wao muda mrefu kabla Biblia haijafika Bungoma. Mutonyi wa Nabukelembe angali anakumbukwa kwa kutabiri ujio wa wazungu. Masikio yaliyolelewa na habari hizo huyapokea kwa urahisi maono ya nabii Amosi wa Biblia kama taarifa ya jambo litakalotukia. Makala hii inadai kwamba usomaji huo haumtoshi Amosi.

Sura ya saba ya kitabu chake yenyewe inaukataa. Amosi anaonyeshwa nzige, kisha moto. Mara zote mbili anawaombea watu, na Mungu anaghairi. Utabiri gani huo unaofutwa kwa ombi moja? Ono la tatu ni la timazi, kamba ya fundi mwashi yenye uzito wa kupimia ukuta. Hapo nabii haombi tena. Pigo linaweza kuzuiliwa, lakini ukuta uliokwisha kujengwa kombo hauwezi kukana ukombo wake. Hukumu, kwa Amosi, ni kupima yaliyokwisha kutendwa.

Ukuta wa nani, basi?

Elijah Masinde wa Maeni, Kimilili, anatusaidia kujibu. Mwanasoka huyu, aliyelelewa katika misheni ya Wakweka, aliongoza Dini ya Msambwa katika miaka ya 1940 na kuhubiri kwamba wazungu lazima waondoke. Ardhi ya Trans Nzoia ilikuwa mikononi mwa walowezi, Kitale ukiwa mji wao, na Wabukusu wengi wakiishi humo kama maskwota. Februari 1948 polisi waliwafyatulia risasi wafuasi wake huko Malakisi na kuwaua kadhaa. Dini ikapigwa marufuku, naye akapelekwa Lamu. Kabla ya hapo alikuwa amefungiwa Mathari, hospitali ya wagonjwa wa akili. Amazia, kuhani wa Betheli aliyetaka Amosi anyamaze, alitumia njia ya upole zaidi: alimwambia Amosi arudi kwao Yuda akale mkate huko.

Hata hivyo, hukumu ya Masinde wa 1948 ilimwangukia mgeni, na hiyo ni nusu tu ya Amosi. Nusu ya pili ilikuja baada ya uhuru, alipogombana na watawala Waafrika na kufungwa tena. Mwaka 1968 serikali ya Kenyatta iliipiga marufuku dini ileile ambayo wakoloni waliipiga marufuku miaka 20 kabla. Kwa maoni yangu, huyu wa pili ndiye aliye karibu zaidi na Amosi, ingawa nyimbo za sifa humpenda yule wa kwanza.

Amosi alisema, yapata mwaka 760 KK, juu ya efa, kipimo cha nafaka, iliyopunguzwa na mizani ya udanganyifu. Mnunuzi wa mahindi sokoni Kitale, anayepimiwa kwa gorogoro lililobonyezwa kitako, hahitaji ufafanuzi. Wala hauhitaji aliyesoma Ripoti ya Ndung'u ya mwaka 2004, iliyoeleza jinsi ardhi ya umma, yakiwemo mashamba ya Shirika la Maendeleo ya Kilimo, ilivyogawiwa kinyume cha sheria. Waliogawiana hawakuwa walowezi.

Mhubiri anayefungua kitabu cha Amosi, akazikemea Dameski, Gaza na Tiro, kisha akafunga alipofika Moabu, ameishia mstari wa tatu wa sura ya pili. Yuda inaanza mstari wa nne, na Israeli wa sita.