Safari za Masomo, Kitale na Bungoma

Safari za masomo za Kitale na Bungoma hupita njia tatu: tripu ya siku moja ndani ya basi la shule, kuvuka mpaka kwenda kusoma Uganda, na kupanda ndege kwenda ng'ambo, au majuu kama vijana wanavyosema. Ipo na ya nne, ya wageni wanaokuja huku kujifunza. Kitale ni makao makuu ya Kaunti ya Trans Nzoia, na Bungoma ni makao makuu ya kaunti inayoitwa kwa jina lake. Kati ya miji hii na Uganda umesimama Mlima Elgon, ambao Wabukusu wa Bungoma huuita Masaba.

Tripu hufanyika zaidi muhula wa pili, kuanzia Mei. Kituo cha kwanza huwa ni Makumbusho ya Kitale. Chimbuko lake ni mkusanyo wa wadudu, ndege na vitabu wa Luteni Kanali Hugh Stoneham, mlowezi aliyeanzisha makumbusho yake mwenyewe mwaka 1926. Ya sasa yalifunguliwa 1974. Mwaka huohuo ilitengwa Hifadhi ya Taifa ya Saiwa Swamp, iliyo ndogo kuliko hifadhi zote za taifa nchini Kenya, kwa ajili ya nzohe, swala wa majini ambaye watoto wengi hurudi nyumbani bila kumwona. Shule za Bungoma hupenda pia kupanda Chetambe, karibu na Webuye, ambako Wabukusu walipigana na Waingereza mwaka 1895. Ni kilima chenye majani na mawe tu, na mwalimu asiyejua kusimulia huwachosha wanafunzi mapema.

Pango la Kitum, upande wa Kenya wa Elgon, lina sifa mbili. Ya kwanza ni tembo wanaoingia usiku kukwangua chumvi ukutani kwa pembe zao. Ya pili ni virusi vya Marburg. Mhandisi Mfaransa aliyefanya kazi katika kiwanda cha sukari cha Nzoia alilizuru pango hilo, akafariki Nairobi mwaka 1980. Mwaka 1987 mvulana wa Kidenmarki mwenye umri wa miaka 15 naye aliugua baada ya kuingia humo, akafa. Watafiti waliolipekua baadaye hawakuviona virusi hivyo ndani yake. Baadaye virusi vilipatikana kwa popo wala matunda katika mapango ya Uganda, kwa hiyo onyo la kutoshika popo wala kinyesi chao si la kupuuzwa.

Kwa mtu wa Bungoma, nchi ya kigeni ya kwanza iko ng'ambo ya mto Lwakhakha, na ugeni wenyewe ni wa shaka. Wabukusu na Wamasaba wa Mbale, Uganda, ni ndugu, lugha zao husikilizana, na tohara ya pande zote mbili hufanywa miaka inayogawika kwa mbili. Masinde Muliro, mwanasiasa aliyezaliwa Kimilili na kuwa mkulima Trans Nzoia, alisoma Tororo, Uganda, kabla ya kwenda Chuo Kikuu cha Cape Town mwaka 1949, ubaguzi wa rangi wa makaburu ukiwa ndiyo kwanza umeanza kuandikwa kuwa sheria. Njia ya Uganda ilipanuka tena mfumo wa 8-4-4 ulipoanza 1985 na kufuta kidato cha tano na cha sita. Aliyetaka masomo hayo alivuka mpaka wa Malaba. Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Uganda kilifunguliwa Mbale mwaka 1988, na tangu 2014 Mkenya huvuka kwa kitambulisho chake tu, bila pasipoti.

Mukhisa Kituyi, mzaliwa wa Bungoma, alizipita njia mbili kati ya hizo. Masomo aliyoyaanza Nairobi aliyamalizia Makerere, Uganda, mwaka 1982, kisha akapata udaktari Chuo Kikuu cha Bergen, Norway, mwaka 1989. Baadaye aliongoza shirika la Umoja wa Mataifa la biashara na maendeleo, UNCTAD, kuanzia 2013 hadi 2021. Michael Kijana Wamalwa, mbunge wa Kitale na hatimaye makamu wa rais, alisomea sheria Cambridge. Hao walikuwa wachache. Hata ndege maarufu ya mwanasiasa Tom Mboya ya Septemba 1959 iliwapeleka Marekani wanafunzi 81 tu kutoka Kenya nzima.

Wanafunzi hodari wapo. Kinachowakwamisha ni kalenda. Mtihani wa kidato cha nne hufanyika Novemba. Vyuo vya Ulaya na Marekani hufungua Agosti na Septemba. Kijana hukaa nyumbani miezi mingi akitafuta nafasi, pasipoti na viza, na viza mara nyingi humpeleka Nairobi, safari ya karibu kilomita 380 kutoka Kitale. Karo nayo hudaiwa wakati mahindi ya Trans Nzoia bado yako shambani, kwa kuwa hupandwa Machi na Aprili na kuvunwa kuanzia Oktoba. Muwa huchelewa zaidi: hukaa mwaka na nusu hivi. Pesa zinapohitajika, ghala ni tupu. Ndipo huitwa harambee kanisani, ng'ombe hupelekwa mnadani, na mara nyingine kipande cha shamba huuzwa kwa bei ya haraka, ambayo siku zote ni bei mbaya.

Wageni hawana tatizo hilo. Wengi huja Juni hadi Agosti, likizo zao ndefu, na kukaa katika familia za wenyeji. Wapo walioacha alama. Michael Kremer alifundisha sekondari ya Eshisiru, Kakamega, alipotoka chuoni miaka ya 1980. Utafiti alioufanya baadaye katika shule za magharibi mwa Kenya ulichangia kumpatia Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019. Andrew Youn alifika Bungoma akiwa bado mwanafunzi wa biashara wa Chuo Kikuu cha Northwestern, na mwaka 2006 akaanzisha One Acre Fund kwa familia 38 za wakulima. Wengine wengi huondoka na picha na ripoti ambayo familia iliyowalisha haijapata kuiona hata nakala. Kurudisha nakala moja kijijini si gharama.

Turudi kwa wanaokwenda ng'ambo. Katika kaunti jirani ya Uasin Gishu, mpango wa kupeleka wanafunzi Finland na Kanada ulioanza 2021 uliwafanya wazazi walipe karo kupitia akaunti iliyosimamiwa na kaunti. Wanafunzi wakajikuta wakidaiwa na vyuo, na Agosti 2023 suala hilo likafika mahakamani. Mzazi wa Kitale au Bungoma anayepanga safari kama hiyo apate barua ya chuo chenyewe, aithibitishe kwa chuo hicho, kisha alipe moja kwa moja kwenye akaunti ya chuo. Na kabla ya shamba kuuzwa, aulize kama karo inaweza kulipwa kwa awamu hadi mavuno.