Nyua za Mifugo Kandokando ya Mto Themi

Kabla Wajerumani hawajajenga boma lao Arusha mnamo mwaka 1900, kingo za mto Themi, uteremkao kutoka mlima Meru, hazikuwa na seng'enge. Waarusha walizungushia mazizi yao miiba na kupanda masale mipakani, na ng'ombe wakashuka majini kwa njia za desturi. Baadaye serikali iliwagawia walowezi ardhi ya chini, wakiwamo Makaburu waliowasili kuanzia 1904, hata mashamba yao yakauzunguka mlima mfano wa pete. Hapo ua, ambao asili yake ni kumhifadhi mnyama, uligeuka kizuizi baina ya mfugaji na malisho ya tambarare, dhuluma ambayo, kwa rai yangu, haina udhuru. Mwaka 1951 Wameru, majirani wa Waarusha, walihamishwa kwa nguvu kutoka Engare Nanyuki kuwapisha walowezi, na mwaka uliofuata mwakilishi wao, Kirilo Japhet, akayafikisha malalamiko yao Umoja wa Mataifa.