Katekista na Kiswahili: Maandalizi ya Walei Wakatoliki katika Kuipeleka Imani kwa Wenzao, Afrika Mashariki, 1868–2021

Historia ya Kanisa Katoliki katika Afrika Mashariki imeandikwa, kwa sehemu kubwa, kutokana na barua, shajara na taarifa za wamisionari wa Kizungu. Haishangazi, basi, kwamba katika kurasa zake mmisionari ndiye anayesafiri, ndiye anayehubiri, na ndiye anayebatiza. Ilhali mtu aliyesimama kando yake akifasiri na kufafanua, na aliyebaki kijijini baada ya padri kwenda zake, hutajwa kwa neno moja tu: katekista. Mara nyingi hata jina lake halitajwi. Kwa mwanafunzi wa Kiswahili pengo hilo ni kubwa kuliko linavyoonekana, kwani lugha ya dini inayotumiwa leo na Wakatoliki wa Tanzania, Kenya na mashariki ya Kongo ilijaribiwa kinywani mwa katekista kabla ya kutulia vitabuni. Hoja ya mhadhara huu ni kwamba namna walei walivyoandaliwa kuipeleka imani kwa wenzao ilichangia sana kuamua ni Kiswahili cha aina gani kitumike kuizungumzia, na kwamba kwa muda mrefu maandalizi hayo yalimfunza mlei kuikariri imani kuliko kuisema.

Mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu waliingia Unguja mwaka 1863, na mwaka 1868 wakaanzisha misheni ya Bagamoyo chini ya Padri Antoine Horner. Waliofundishwa hapo kwanza walikuwa watoto na vijana waliokombolewa utumwani, wengi wao wakiwa wametolewa mbali bara, wengine hadi pande za Ziwa Nyasa. Hawakuwa na lugha moja. Kiswahili kilikuwa kigeni kwao kama kilivyokuwa kigeni kwa mapadri Wafaransa waliowafundisha, na jambo hili lapaswa kusisitizwa: Kiswahili cha Kikatoliki hakikuanza kama lugha ya wenyeji iliyojifunzwa na wageni, bali kama lugha ya tatu baina ya wageni wa aina mbili, mmoja aliyekuja kwa hiari yake na mwingine aliyeletwa kwa mnyororo. Mpango ulikuwa kwamba vijana hao waoane, wapewe mashamba, kisha familia kadhaa zihamie bara pamoja na padri ili kijiji chao chenyewe kiwe funzo kwa majirani. Ndivyo zilivyoanzishwa Mhonda mwaka 1877 na Mandera mwaka 1881. Mpango huo ulipambana na kipindupindu cha mwaka 1869, kimbunga cha mwaka 1872, na utashi wa waliokombolewa wenyewe, kwani wako walioona kwamba uhuru waliopewa ulikuwa na kengele nyingi mno, wakaondoka.

Aliyebaki na kufundisha aliitwa mwalimu. Neno hili lilikuwa na historia yake pwani. Bagamoyo ulikuwa mji wa Kiislamu, na mwalimu aliyejulikana huko ni yule wa chuo cha Kurani, aliyewakalisha watoto chini wakajifunza kwa moyo, sauti ikitangulia na maana ikifuata baadaye. Mwalimu wa misheni alipewa jina hilo na, kwa kiasi kikubwa, akapewa pia njia hiyo. Katekisimu ilikuwa kitabu cha maswali na majibu. Mwalimu aliuliza, kundi likaitikia, na aliyeshika majibu yote alihesabiwa kuwa tayari. Ni rahisi kuidharau njia hii leo. Hata hivyo, katika jamii ambayo vitabu vilikuwa haba na wasomaji wachache zaidi, kumbukumbu ndiyo iliyokuwa maktaba, na mtu aliyeshika maswali mia kadhaa kwa ufasaha alikuwa amebeba kichwani kitabu kizima pamoja na sarufi yake.

Pamoja na njia yalikuja maneno. Kanisa, msalaba, dhambi, malaika, neema na sala yote ni maneno yenye asili ya Kiarabu. Wako wamisionari, hasa miongoni mwa Waprotestanti wa Kijerumani, waliohofu kwamba lugha yenye msamiati huo ingewapeleka watu msikitini badala ya kanisani, na kwa hiyo wakazipendelea lugha za makabila. Wakatoliki wa Bagamoyo walichukua njia nyingine: waliyachukua maneno hayo na kuyapa kazi mpya. Kazi hiyo haikuwa nyepesi. Chukua neno toharani, ambalo Wakatoliki hulitumia kwa mahali pa kutakaswa kwa roho za marehemu. Mtungaji wake alifikiria utakaso, na kwa Kiarabu alikuwa na haki kabisa; lakini msikilizaji aliyelijua neno tohara kwa maana ya jando alihitaji maelezo ya ziada, na mwenye kuyatoa hakuwa padri aliyepita mara chache kwa mwaka. Alikuwa mwalimu. Kinyume chake ni kipaimara, neno lililoundwa kwa mofimu za Kibantu na kivumishi kinachoeleweka, yaani kitu kinachompa mtu uimara. Neno hilo lilijieleza lenyewe, na Walutheri nao hulitumia hadi leo.

Padri Charles Sacleux, aliyefika mwaka 1879, ndiye aliyeihifadhi kwa maandishi sehemu kubwa ya lugha iliyosikika misheni na mitaani. Kamusi yake ya Kifaransa na Kiswahili ilitoka mwaka 1891, sarufi yake ya lahaja za Kiswahili mwaka 1909, na kamusi kubwa ya Kiswahili na Kifaransa mwaka 1939. Kazi hizo husifiwa, na kwa haki, kwa wingi wa lahaja zilizomo. Lisilosemwa mara kwa mara ni kwamba mtu mmoja, hata awe na sikio kali kiasi gani, hakuweza kukusanya hazina hiyo bila vinywa vya wengi.

Buganda kulitokea jaribio ambalo hakuna aliyelipanga. Wamisionari wa Afrika, waliojulikana zaidi kama Mapadri Weupe, walifika Rubaga mwaka 1879 na katika ikulu ya Kabaka Mutesa wakakuta Kiswahili tayari kinatumika. Novemba 1882 waliona hatari, wakaondoka kwenda kusini ya ziwa, wakakaa huko hadi mwaka 1885. Waliacha wabatizwa wachache, waliofundishwa kwa muda mfupi. Miongoni mwao walikuwamo Yosefu Mukasa Balikuddembe, Andrea Kaggwa na Matia Mulumba Kalemba, wote wakiwa wamebatizwa mwaka huohuo wa 1882. Watu hawa hawakuwa na chuo, posho wala cheti, lakini waliporudi mapadri walikuta idadi ya wanaojifunza imeongezeka. Waliojifunza waliitwa abasomi, na mzungumzaji wa Kiswahili hahitaji kamusi kuliona humo tendo la kusoma. Vivyo hivyo essaala na eddiini. Maneno yalikuwa yametoka pwani, lakini aliyeyafafanua alikuwa Mganda akizungumza na Mganda, jikoni, njiani na barazani. Mauaji ya miaka ya 1885 hadi 1887 yalionyesha uzito wa mafundisho hayo yasiyo rasmi.

Mwanzilishi wa shirika hilo, Charles Lavigerie, aliagiza kwamba anayetaka ubatizo ajifunze miaka minne. Kwa sharti hilo katekista akawa mhimili, kwa kuwa hakuna misheni ambayo mapadri wake wawili au watatu wangeweza kumsimamia kila mtu kwa muda huo wote. Lavigerie alikwenda mbali zaidi. Kuanzia mwaka 1881, vijana wa Kiafrika waliokombolewa utumwani walipelekwa kisiwa cha Malta kusomea udaktari, ili warudi barani kama waganga na makatekista kwa pamoja. Adrien Atiman, aliyezaliwa karibu na Timbuktu na kuuzwa akiwa mtoto, ndiye anayekumbukwa kuliko wote. Alifika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1889, akaoa binti wa huko, akatibu na kufundisha hadi alipofariki mwaka 1956. Ni miaka 67. Udaktari aliusoma kwa Kifaransa. Imani aliipeleka kwa lugha alizojifunza ukubwani. Mpango wa Malta wenyewe haukudumu, kwani ulikwisha mwaka 1896 na waliohitimu walikuwa wachache, lakini ulikuwa na wazo ambalo vyuo vingi vilivyofuata vililipoteza: kwamba anayeishuhudia imani awe na jambo jingine la kumfaa jirani yake.

Vita vilimpa katekista madaraka ambayo shule haikumpa. Mwaka 1905, katika vita vya Majimaji, misheni ya Peramiho iliteketezwa na Askofu Cassian Spiss akauawa. Vita Kuu ya Kwanza iliwaondoa wamisionari Wajerumani, na maeneo mapana ya kusini yakabaki bila mapadri au na wachache mno. Sala za Jumapili ziliendelea, wanaokufa walibatizwa, watoto walifundishwa, na Kiswahili ndicho kilichowawezesha walimu wa makabila mbalimbali kupokezana kazi.

Kilichofuata hakikuwa shukrani. Serikali ya Kiingereza ilipoanza kutoa ruzuku kwa shule zilizotimiza masharti, mwalimu wa shule ya kichakani, aliyefundisha alfabeti na katekisimu chini ya paa moja la nyasi, alijikuta hana sifa. Mwaka 1928 Arthur Hinsley, mjumbe wa Papa, aliwaambia wamisionari waliokutana Dar es Salaam kwamba, pale ambapo haiwezekani kuyatimiza yote mawili, makanisa yasubiri ili shule zikamilishwe. Kwa upande wa elimu ushauri huo ulizaa matunda makubwa. Kwa katekista ulikuwa talaka. Mwalimu mwenye cheti alilipwa kwa ruzuku na akapanda hadhi. Mwenzake wa dini alibaki na posho ndogo na jembe lake. Kazi iliyokuwa moja ikawa mbili, na ile ya kuipeleka imani ikawa ya yule aliyesoma kidogo. Mafunzo yake nayo yakabaki palepale pa swali na jibu, wakati waumini aliowahutubia walikuwa wakianza kusoma magazeti.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulijaribu kuurekebisha mpasuko huo. Hati yake kuhusu shughuli za kimisionari, iliyotolewa Desemba 1965, ilidai vyuo vya makatekista, ujira wa haki, na kutumwa kwao hadharani katika ibada. Papa Paulo VI alipozungumza Kampala mwaka 1969 aliwaambia Waafrika kwamba sasa wao ni wamisionari kwao wenyewe. Mwaka huohuo Tanzania ilipitisha Sheria ya Elimu iliyofungua njia ya kutaifishwa kwa shule za misheni, na Kanisa likalazimika kuuliza imani itafundishwa wapi ikiwa si shuleni. Jibu la maaskofu wa Afrika Mashariki, lililopata sura katika miaka ya 1970, lilikuwa jumuiya ndogo ndogo za Kikristo: kaya chache za jirani zinazokutana nyumbani, zinasoma Injili, na kila mmoja anasema alichosikia.

Hapa lugha yenyewe ni shahidi. Kitenzi cha enzi za Bagamoyo kilikuwa kueneza: dini ilienezwa, kama maji au habari, kutoka kwa aliyenayo hadi kwa asiyenayo. Baadaye likaja kuinjilisha, lililojengwa juu ya Injili kwa kiambishi cha kusababisha, na ambalo bado humweka mtendaji upande mmoja na mtendwa upande wa pili. Katika jumuiya lilishamiri neno jingine: kushirikishana. Mnyambuliko huo una usababishi na utendano kwa wakati mmoja. Hakuna anayeshirikisha bila yeye pia kushirikishwa. Wanawake, ambao katika vyuo vya makatekista walikuwa wachache, hapo walipata zamu ya kusema. Si kila jumuiya ililiishi neno lake. Nyingi ziligeuka mahali pa kukusanya michango na kusali rozari. Lakini katika ile iliyofanya kazi yake, muumini alitakiwa kwa mara ya kwanza kuunda sentensi yake mwenyewe kuhusu Mungu, mbele ya majirani wanaozijua shida zake, bila jibu lililoandikwa.

Ni kazi ngumu kuliko kukariri, na ndiyo maana haja ya katekista aliyeandaliwa vizuri haikupungua. Mei 2021 Papa Fransisko alianzisha rasmi huduma ya katekista kwa walei, wanaume na wanawake, akitaka wapewe malezi ya Biblia, teolojia, uchungaji na ualimu. Katika vigango vingi visivyo na padri mkazi, mtu huyo ndiye anayeongoza ibada ya Jumapili, na ndiye anayeulizwa, baada ya ibada, toharani ni wapi.